Altrasaundi ya Matiti: Kutoka Vita vya Baharini Hadi Kwetu Kwapa



Mama wa mwanafunzi wetu mmoja hapa Kwapa alihisi kijivimbe kwenye titi la kushoto, akakaa nacho kimya tangu kabla ya Ramadhani. Aliposhauriwa akapime altrasaundi alikataa, kwa kuwa majirani walimwambia mashine ile ina moto na huamsha uvimbe uliolala. Kwa ajili yake, na wengine wenye hofu kama hiyo, tumeona tueleze kipimo hiki kimetoka wapi na mgonjwa hufanyiwa nini.

Saratani ya titi si ugonjwa wa leo. Al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika kwamba inaweza kukatwa ikiwa bado changa na ndogo. Ikishakuwa kubwa, alikiri kwamba hajawahi kuiponya wala hajamwona aliyeiponya. Bwana yule alikuwa na macho na vidole tu. Kilichomo ndani ya uvimbe hakukijua mpaka akate.

Njia ya kuona bila kukata ilitoka vitani. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Mfaransa Paul Langevin na wenzake walitafuta nyambizi kwa kupeleka sauti majini na kupokea mwangwi wake, kama mtoto anavyopaza sauti mbele ya jabali ikamrudia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari Mwingereza John Wild, aliyehamia Marekani, alijaribu mwangwi huo kwenye nyama ya mwili, akitumia mashine ya mafunzo ya jeshi la majini. Mwaka 1952 yeye na mhandisi John Reid walichapisha kazi yao, na uvimbe wa matiti ulikuwamo. Wengi wetu tunadhani altrasaundi ni ya wajawazito, kumbe makala mashuhuri ya Ian Donald wa Glasgow, iliyoonyesha mtoto tumboni, ilitoka mwaka 1958. Titi lilitangulia.

Basi moto haumo. Ni sauti ya juu mno ambayo sikio halisikii, wala haina mionzi kama eksirei. Ndiyo maana hata mjamzito na anayenyonyesha hupimwa.

Siku ya kipimo, vaa nguo mbili, ya juu na ya chini, ili uvue ya juu tu. Usipake poda wala mafuta kifuani. Huhitaji kukaa na njaa. Na aliyefunga, jeli inayopakwa juu ya ngozi haimfunguzi. Utalala chali, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, kisha mpimaji atapitisha kifaa kidogo juu ya titi na kwapani, kwa sababu tezi za kwapa nazo huangaliwa. (Wanafunzi wetu hucheka tukifika hapo, kwa ajili ya jina la mahali petu.) Utahisi kukandamizwa kidogo. Mara nyingi huisha ndani ya nusu saa. Una haki ya kuomba mpimaji mwanamke, au kuingia na dada yako. Sitara hailazimishi mtu kubaki nyumbani na uvimbe.

Kwenye kioo, kifuko cha maji huonekana cheusi na nyama ngumu huonekana ya kijivu. Hapo tu hofu nyingi huisha, maana vifuko vya maji kwa kawaida si saratani. Ripoti nyingi huwa na namba: 1 ni salama, 2 ni uvimbe usio na madhara, 3 huelekea kuwa salama lakini urudi upimwe. Ikiwa 4 au 5, hutolewa kipande kidogo kwa sindano kikachunguzwe, kwa kuwa altrasaundi peke yake haithibitishi saratani. Ikithibitika, Uganda ina Taasisi ya Saratani pale Mulago tangu 1967.

Mama yule hatimaye alikwenda na dada yake. Karatasi yake iliandikwa 3, naye amepangiwa kurudi baada ya miezi 6. Tarehe ameiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya mlango wa jikoni, na mwanawe tumemwomba amkumbushe.