Nchi kwa Miezi Minne

Tarehe 16 Machi 2017, mkutano mkuu wa CAF jijini Addis Ababa uliipokea Zanzibar kama mwanachama wa 55. Siku hiyo hiyo Issa Hayatou, aliyekalia kiti cha urais tangu 1988, alibwagwa na Ahmad Ahmad kwa kura 34 dhidi ya 20. Visiwani ikawa sherehe. Halafu tarehe 21 Julai, mjini Rabat, Ahmad akatangaza kuwa uanachama huo umefutwa. Alisema katiba haikusomwa vizuri: nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Cha kuchekesha, Ahmad mwenyewe ni mtu wa kisiwa, Madagaska.

Sasa, nchi ni nini? Sisi wa Chechelesi, hapa Isiolo, swali hilo tumelizoea. Kuna utani wa zamani wa kaskazini: mtu akipanda basi la Nairobi, anaaga kwamba anaenda Kenya. Lakini hatuna timu ya taifa ya kudai, hivyo utani wetu unaishia stejini. Zanzibar ina rais wake, baraza lake la wawakilishi, bendera, ligi, na timu iliyobeba Kombe la CECAFA mwaka 1995. Klabu zake hucheza mashindano ya CAF moja kwa moja, kwa sababu CAF imewapa uanachama shiriki. Ule usio na kura.

Na kura ndiyo mchezo wenyewe. Kwenye CAF, kama kwenye FIFA, kila chama kina kura moja. Ushelisheli, yenye watu kama laki moja hivi, ina uzito sawa na Nigeria. Komoro haifiki watu milioni moja. Iliingia FIFA mwaka 2005, na Januari 2022 ikaitoa Ghana kwenye AFCON kwa mabao 3-2. Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ina watu karibu milioni 1.9. Kwa hiyo si suala la udogo. Komoro ilijitangazia uhuru 1975 ikabaki peke yake. Zanzibar iliungana na Tanganyika Aprili 1964, na saini ile bado inaamua nani acheze wapi.

Kuna na pesa, usisahau. Kwa mzunguko wa 2023 hadi 2026, FIFA imetenga hadi dola milioni 8 za maendeleo kwa kila chama mwanachama. Asiye mwanachama hupitia mlango wa jirani, na hapa jirani ni TFF ya Dar es Salaam. Ukiwauliza Wazanzibari, hicho ndicho kinachowauma kuliko wimbo wa taifa.

Wengine wamepata mwanya. Visiwa vya Faroe viko chini ya Denmark lakini vimo FIFA tangu 1988. Gibraltar si nchi huru. Ilipigana hadi kwenye mahakama ya michezo, ikaingia mwaka 2016. Uingereza ndiyo usiseme, ina vyama vinne! Sheria ya mpira huwa kali zaidi kwa aliyechelewa kufika.

Desemba ya mwaka ule ule wa 2017, Zanzibar Heroes walikuja Kenya kucheza CECAFA. Waliifunga Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda nusu fainali, na fainali kule Machakos wakatusawazishia mara mbili. Matokeo 2-2. Ilibidi Patrick Matasi apangue penalti ndipo tukachukua kombe. Tulishangilia, ndiyo, lakini kwa woga. Kwenye kikosi kile alikuwemo kijana Feisal Salum, Fei Toto. Leo ukimtafuta kwenye AFCON utamkuta na jezi ya Taifa Stars, kwa sababu jezi ile nyingine haina mlango wa kuingilia.

Mei 2025 CAF ilihitaji uwanja wa fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba dhidi ya RS Berkane. Ilipeleka mechi Amaan, Unguja. Agosti ikarudi pale pale kwa mechi za CHAN.