Elimu ya Zamu: Istilahi Moja na Maana Zake Mbili

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa vitabu vya taalimu ya uhandisi limo moja ambalo Waingereza hulitumia kwa mambo mawili yasiyofanana, nalo ni "cooperative", lile lile wanalotumia kuvitaja vyama vya wakulima wauzao mazao yao kwa pamoja. Kwa maana ya kwanza, ni mapatano baina ya chuo kikuu na kiwanda, ya kwamba mwanafunzi atasoma kwa muda, kisha atakwenda kufanya kazi ya ujira, kisha atarudi darasani, na hivyo hivyo hata apate shahada yake. Kwa maana ya pili, ni taratibu ya wanafunzi wenyewe kwa wenyewe kujifunza katika makundi madogo. Mfasiri afuataye kamusi bila ya kuuliza habari ya jambo lenyewe ataandika "elimu ya ushirika" mahali pote pawili, na hapo ndipo atakapompoteza msomaji wake.

Kwani ushirika ni neno lililokwisha kupata wenyewe. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu mwaka 1933, na Moshi kipo chuo kilichoanza mwaka 1963, kikapandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2014, ambacho sifa yake kubwa ni kufundisha habari za vyama hivyo. Mtanzania akiambiwa kwamba fulani anasoma elimu ya ushirika, hatamdhania kuwa anajifunza mitambo. Atamdhania kuwa anaandaliwa kushika daftari la hesabu la chama cha msingi.

Na tulitazame kwanza jambo lenyewe, lile la darasa na kiwanda, ndipo tulitafutie jina. Mwanzilishi wake ni Herman Schneider, aliyesoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Lehigh huko Pennsylvania kabla ya kuhamia Cincinnati, mji uliokuwa mashuhuri kwa viwanda vya kutengeneza mashine za kukatia na kuchongea vyuma. Huko nyuma, tangu mwaka 1868, Victor Della-Vos wa Moscow alikuwa amewafundisha wahandisi wake kazi za mikono kwa mazoezi yaliyopangwa daraja kwa daraja katika karakana ya chuo, na mazoezi hayo, yalipoonyeshwa Philadelphia mwaka 1876, yaliwavutia Wamarekani wengi. Schneider aliona vingine. Alihoji kwa nini chuo kigharimie mashine ambazo baada ya miaka michache zitakuwa zimepitwa na wakati, ilhali mashine mpya, na mafundi wanaozijua, na haraka ya mteja anayedai mali yake, vyote vimo kiwandani hatua chache kutoka mlangoni. Basi mwaka 1906 katika Chuo Kikuu cha Cincinnati akaanza na vijana 27, akiwapanga wawili wawili: wiki hii mmoja yuko darasani na mwenziwe yuko kiwandani, wiki ya pili wanabadilishana, hata mwenye kiwanda asipungukiwe na mtu wala mwalimu asifundishe viti vitupu. Chuo Kikuu cha Waterloo, huko Kanada, walipoanza mwaka 1957 waliurefusha muda ukawa wa miezi badala ya wiki, lakini asili haikubadilika.

Mwendo huo Kiswahili kina jina lake tangu kale, nalo ni zamu. Baharia hushika zamu ya usukani, na waanguzi wa nazi hupeana zamu. Basi mwanafunzi wa Schneider naye ana zamu ya darasa na zamu ya kiwanda, na elimu yake ni elimu ya zamu. Jina hili lina faida moja kubwa, kwamba linabainisha kile ambacho mifumo mingine haina. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1973, kimewapeleka wanafunzi wake viwandani, na vijana wenyewe husema wanakwenda "field"; ni jambo jema sana, lakini kwenda huko mwaka wa masomo ukiisha si zamu, madhali darasa na kazi havipokezani. Hayo yaitwe mafunzo kwa vitendo, kama yanavyoitwa sasa. Neno amali lingefaa na ni tamu zaidi kwa sikio la mwambao, ila Zanzibar na Bara wamekwisha kulikabidhi kwa elimu ya ufundi stadi.

Yabaki maana ya pili, ile ya makundi. Karl Smith, mwalimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliichukua kutoka kwa ndugu wawili wa chuo hicho hicho, David na Roger Johnson, na tangu miaka ya 1980 akaieneza kwa wahandisi wenzake. Masharti yake makuu ni mawili: asifaulu mmoja pasipo kufaulu wote, na kila mmoja aulizwe peke yake alichojifunza. Kundi lisilo na sharti hilo la pili huishia kuwa mahali pa wengi kubebwa na mmoja mwenye bidii, na kila aliyepita chuoni anamjua huyo mmoja. Watu wa pwani wana neno bia, maana yake kufanya jambo kwa kuchangiana, lakini mwalimu akitangaza leo kwamba kesho watu watasoma kwa bia, mahudhurio yatakuwa makubwa kwa sababu asiyoikusudia. Ujima nao umekwisha kutekwa na vitabu vya historia. Napendekeza kujifunza kwa ushirikiano, kwa kuwa kile kiungo cha kutendana kilichomo ndani ya neno kinaonyesha kwamba kila mmoja anampa mwenziwe na kupokea kwake, jambo ambalo ushirika mtupu haulisemi.

Wahadhiri wa uhandisi na waziandike istilahi hizi mbili mbalimbali katika mihtasari yao, na aliye na neno lililo bora kuliko zamu na alilete.