Mchezo wa video na jembe lililoachwa

Wandugu, hapa Vuhovi masolo ya michezo ya video haiishake. Wamoja wanasifu ile nyoka ya Nokia ya 1997, wengine wanasema bila PlayStation hakuna mchezo. Mimi mtu wa kilimo naongeza historia kidogo. PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000. Mwaka ule tantalamu, inayotoka kwa koltani na kuingia ndani ya simu, kompyuta na mashine za mchezo, ilipanda bei sana. Kivu yetu ilikuwa kwa vita. Vijana wengi wakaacha jembe na masomo, wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na shamba lililoachwa halilishe mtu. Tukibishana mchezo gani unashinda, tuulizane pia: nani aliulipia?