Foleni ya Maji: Maisha ya Kila Siku Katika Mji wa Sarajevo Uliozingirwa



Ndugu zetu wasomaji, siku moja darasani tulikuwa tukiwasomesha watoto habari za Waislamu wa Bosnia na vita vyao vya mwaka 1992 hadi 1995. Tukataja majeshi, mikataba na tarehe, kama ilivyo desturi yetu sisi walimu. Mtoto mmoja akainua mkono akauliza: "Maalim, sasa maji walikuwa wakichota wapi?" Tukaona swali lile limetushinda maarifa. Tulijua nani alimpiga nani, lakini hatukujua mama wa nyumbani alipikaje. Makala hii ndiyo jibu letu, ijapokuwa limechelewa.

Sarajevo ni mji mkuu wa Bosnia, na kabla ya vita ulikuwa na watu zaidi ya laki tano. Waislamu walikuwa wengi, lakini waliishi jengo moja na Waserbia wa Kiorthodoksi, Wakroati wa Kikatoliki na Mayahudi wachache. Idd-el-Fitr ya mwaka 1992 iliangukia tarehe 4 Aprili. Usiku wa Idd hiyo hiyo vizuizi vikawekwa mabarabarani. Kesho yake raia walitoka kuandamana kwa ajili ya amani, na wanawake wawili, Suada Dilberović na Olga Sučić, mmoja Muislamu na mwingine Mkroati, wakapigwa risasi wakafa katika daraja la Vrbanja. Leo daraja hilo lina majina yao wote wawili. Huo ndio ukawa mwanzo wa kuzingirwa kulikodumu siku 1,425, mpaka tarehe 29 Februari 1996, na waliokufa mjini walikuwa zaidi ya 11,000.

Ili kufahamu maisha yao, fikirieni mji uliolala bondeni, mto Miljacka ukipita katikati, na milima imeuzunguka kama kingo za bakuli. Jeshi la Waserbia wa Bosnia lilikaa juu ya milima hiyo na mizinga yake. Aliye juu anamwona wa chini mpaka dumu alilobeba mkononi. Wadunguaji, yaani wale wapiga bunduki wa kuvizia, walikuwa wakilenga hata mwenye kuvuka barabara tu, basi watu wakatundika mablanketi na makontena baina ya majumba ili wasionekane.

Sasa turudi kwenye maji. Umeme ukikatwa, mashine za kusukuma maji husimama na mifereji hukauka. Mji mzima ukategemea visima na chemchemi chache, na mojawapo iliyo kubwa ilikuwa chini ya kiwanda cha bia. Msishtuke! Kiwanda hicho kilijengwa juu ya chemchemi safi ya maji, na katika miaka ile Muislamu mcha Mungu alisimama mlangoni pake na madumu yake kama mwenziwe Mkristo, akachota maji ya kunywa na ya kutawadhia. Watu walibeba madumu kwa vigari vya kusukumia watoto, mikokoteni, na wakati wa theluji kwa vibao vya kuteleza. Kisha wakayapandisha ngazi za maghorofa kwa sababu lifti hazikufanya kazi. Maji yaliyooshea mchele yaliosha vyombo, kisha yakamwagwa chooni.

Foleni yenyewe ilikuwa mtego. Tarehe 12 Julai 1993, katika mtaa wa Dobrinja, kombora liliwaangukia watu waliokuwa wakingoja zamu ya kuchota maji, wakafa zaidi ya 10. Sisi tunaosomesha fiqhi huwapa watoto mfano wa tayammamu kwa msafiri wa jangwani. Siku hizi tunatoa mfano wa Sarajevo. Maji yapo, lakini kuyafuata ni kuhofia roho, na mwenye hofu ya namna hiyo anaruhusiwa kutayammamu. Watoto hufahamu mara moja.

Mambo ya chakula hayakuwa mepesi. Tarehe 27 Mei 1992 watu zaidi ya 20 waliuawa wakiwa katika foleni ya mkate katikati ya mji. Tarehe 5 Februari 1994, Ramadhani ikiwa imekaribia kwa wiki moja hivi, kombora moja liliua watu 68 katika soko la Markale. Msaada ulikuja kwa ndege, safari zaidi ya 12,000 kwa miaka mitatu na nusu, na kilicholetwa mara nyingi ni mchele, makaroni, unga na nyama ya makopo. Kina mama walipanda mboga katika roshani na viwanja vya nyasi. Kuni zilipokwisha wakakata miti ya bustani za mji. Miti ilipokwisha wakachoma makabati, viatu vya zamani, hata vitabu vya nyumbani. Usiku waliwasha utambi unaoelea juu ya mafuta, mfano wa kibatari tunachokijua sisi. Katikati ya mwaka 1993 likakamilika shimo la kupita chini ya uwanja wa ndege, urefu wake kiasi cha mita 800, mtu anapita ameinama. Humo zikapita chakula, dawa, silaha na majeruhi.

Na shule je? Zilihamia kwenye vyumba vya chini ya majengo na ngazini. Walimu walikusanya watoto wa jengo moja ili wasivuke barabara. Maiti nao walizikwa usiku mara nyingi, kwa kuwa hata maziko yalipigwa mizinga. Uwanja wa mpira ulio karibu na viwanja vya michezo ya Olimpiki ya mwaka 1984 ukageuka makaburi. Tunapenda pia kuutaja uadilifu panapostahiki. Jumuiya ya Mayahudi wa mji, La Benevolencija, ilifungua jiko na duka la dawa, ikahudumia watu wote bila kuuliza dini ya mtu. Na walikuwapo Waserbia waliokataa kupanda mlimani, wakakaa na jirani zao na kupigwa nao.

Kisa kimoja kinatuhusu sisi watu wa Kiafrika, nacho hakijulikani sana. Mwezi wa Agosti 1992 maktaba ya taifa iliteketezwa kwa makombora, na kabla yake, mwezi wa Mei, taasisi ya elimu za Mashariki na maandishi yake ya mkono. Ikabaki maktaba ya Gazi Husrev-beg, wakfu wa mwaka 1537. Mkurugenzi wake, Mustafa Jahić, na wafanyakazi wachache wakaamua kuhamisha vitabu. Miongoni mwao alikuwamo mlinzi wa usiku, mzaliwa wa Kongo. Walivitia katika maboksi ya ndizi, wakavibeba mikononi kuvuka madaraja mbele ya wadunguaji, na wakavihamisha tena na tena kutoka maficho haya kwenda mengine. Hawakuwa na gari, na mshahara wa vita mnaujua. Jirani zao walikuwa wakichoma vitabu ili wapike, na hatuthubutu kuwalaumu, nao walikuwa wakihatarisha roho zao kwa ajili ya vitabu ambavyo pengine hawangevisoma vyote maishani mwao.

Vilisalimika vitabu vya mkono kiasi cha 10,000. Kimojawapo ni nakala ya Ihyaa Ulumi-d-Diin iliyoandikwa karibu na mwaka 1106, Imam Ghazali mwenyewe akiwa bado hai. Mwaka 2014 maktaba ilifunguliwa katika jengo jipya, hatua chache kutoka msikiti wa Gazi Husrev-beg, na Ihyaa ile imo humo ndani.

Wabillaahi tawfiiq.