Nguvu ya Sauti na Mzigo Wake

Sauti ya mwanadamu ni kitu chepesi: upepo huichukua na ukuta huizuia. Watu walitafuta njia za kuihifadhi na kuikuza, na kila njia iliyopatikana ilidai nguvu yake. Historia ya jambo hili yamfaa kila msomaji, hata akaaye Mwabungo, kusini mwa Ukunda, ambaye apenda kusikiliza taarabu nyumbani mwake.

Gramafoni za zamani zilitiwa ufunguo kwa mkono, wala hazikuwa na umeme. Kamani iliizungusha sahani, sindano ikatikiswa na mifuo, na pembe ikaitoa sauti. Siti binti Saad wa Unguja aliposafiri kwenda Bombay katika mwaka wa 1928 kurekodi nyimbo zake, vyombo vya namna hiyo vilikuwa vingali vikitumika. Nguvu ya kamani ilikuwa ndogo, na sauti ilikuwa ndogo vile vile.

Lakini mageuzi yalikwisha anza. Katika mwaka wa 1906 Lee de Forest wa Marekani alitengeneza valvu ambayo baadaye iliuwezesha umeme mdogo kutawala umeme mkubwa. Hiyo ndiyo asili ya amplifaya. Katika mwaka wa 1925 Chester Rice na Edward Kellogg walieleza spika ya koni isukumwayo na koili iliyo ndani ya sumaku. Spika za majumba ya sinema zilikuwa na pembe kubwa, na kwa hiyo wati chache zilitosha.

Mwaka wa 1954 Edgar Villchur alionyesha spika ndogo ya sanduku lililozibwa, ambamo hewa yenyewe ilifanya kazi ya kamani. Besi yake ilikuwa nzito kuliko umbo lake. Hata hivyo, kila faida ina gharama: spika hiyo ilidai nguvu nyingi. Transista, iliyovumbuliwa mwaka wa 1947, ndiyo iliyokuja kurahisisha upatikanaji wa nguvu hiyo. Basi jifunze hapa, msomaji: sanduku lilipopunguzwa, amplifaya iliongezewa mzigo.

Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mnunuzi asiyeijua spika yake huiona kazi ya amplifaya kuwa nyepesi. Kwanza, tazama wepesi wa spika kuitika, upimwao kwa desibeli. Spika ya desibeli 84 kwa wati moja yahitaji wati 100 ili ilingane na ile ya desibeli 94 ipewayo wati 10. Pili, tazama ukinzani wake. Spika iandikwayo omu 8 yaweza kushuka mpaka omu 4 au chini yake katika baadhi ya sauti, na hapo mkondo wa umeme udaiwao huwa maradufu. Amplifaya hodari haitishwi na dai hilo. Dhaifu huchemka, au hujizima. Tatu, tazama mahali. Katika baraza iliyo wazi hakuna kuta za kuirudisha sauti, nayo hupotea upesi. Tena joto na hewa ya chumvi ya pwani huviumiza vyombo. Kwa hiyo amplifaya ipewe nafasi ya kupumua, mbali na upepo wa bahari.

Wengi hudhani kwamba amplifaya ndogo haiwezi kuidhuru spika kubwa. Sivyo. Amplifaya ikilazimishwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Uimbaji hugeuka mkwaruzo, na spika ndogo ya sauti nyembamba yaweza kuungua. Hivyo akiba ya miezi mingi huteketea katika usiku mmoja wa arusi.

Usinunue amplifaya kwa wingi wa taa zake wala kwa ukubwa wa tarakimu zilizoandikwa usoni pake. Uliza kwanza mzigo ni upi, ndipo utafute mchukuzi. Atakayefuata utaratibu huo atalinda fedha yake, naye atausikia uzuri wa sauti ya mwimbaji bila mkwaruzo.