Hekalu la Mbingu, Alipoelekea Kaskazini Mfalme

Mfalme Yongle wa ukoo wa Ming, yule yule ambaye mwaka 1415 aliletewa twiga na wajumbe wa Malindi yetu, ndiye aliyeamuru kujengwa Hekalu la Mbingu kusini mwa mji wa Beijing, na kazi hiyo ikatimia mwaka 1420, pamoja na ikulu yake. Nalo hekalu likapewa uwanja wa hekta 273, uupitao ule wa ikulu zaidi ya mara tatu, kwani mfalme aliitwa Mwana wa Mbingu, na haielekei mwana kujikatia kiwanja kikubwa kuliko cha mzazi wake.

Kila mwaka, ilipowadia siku iliyo fupi kuliko zote katika majira ya baridi, mfalme alikuja hapa kutoa dhabihu, baada ya siku tatu za kujizuia nyama, mvinyo, ngoma na wanawake. Na njiani raia walifungiwa madirisha wasimtazame.

Madhabahu aliyoipanda ndiyo ambayo, kwa rai yangu, haifai mgeni aipite mbio. Ni matabaka matatu ya marumaru nyeupe, yaliyojengwa kwanza mwaka 1530 kwa amri ya Mfalme Jiajing na kujengwa upya katika karne ya 18, hayana paa, wala kuta, wala sanamu ya kuabudiwa. Juu yake ni uwingu mtupu. Katikati ya tabaka la juu pana jiwe moja la duara, nalo limezungukwa na mawe 9, na hayo yamezungukwa na 18, kisha 27, hata ufike duru ya tisa yenye mawe 81. Maana tisa, iliyo kubwa ya witiri zote zilizo chini ya kumi, waliihesabu kuwa ni idadi ya mbingu. Mtu akinena juu ya jiwe hilo, sauti yake humrejea kutoka kwenye uzio wa marumaru. Tena, katika baraza lake la ikulu mfalme alikaa akielekea kusini, umati ukimsujudia. Bali hapa ubao mtukufu wenye jina la Mbingu ndio uliowekwa ukielekea kusini, naye akapiga magoti mbele yake akielekea kaskazini, kama mmoja wa raia zake.

Jumba la Kuombea Mavuno, lenye vigae vya buluu, ndilo lijulikanalo zaidi kwa picha. Radi ililiteketeza mwaka 1889, nalo likajengwa upya kwa mbao zilizopachikana pasipo msumari, juu ya nguzo 28: nne za majira, 12 za miezi, na 12 za saa za siku kwa hesabu ya Kichina.

Ufalme ulipokwisha anguka, Rais Yuan Shikai, aliyekitamani kiti, aliirudia ile ibada ya dhabihu mwaka 1914, na baada yake hapana mtawala aliyeifanya. Mwaka 1918 malango yakafunguliwa kwa watu wote. Leo wazee hunyoosha viungo vyao asubuhi chini ya miberoshi ya karne nyingi, na juu ya madhabahu watu hupanga safu, wazazi na watoto wao, kila mmoja akingoja zamu yake ya kusimama juu ya lile jiwe la katikati.