Mkojo mweusi kwa mtoto mwenye malaria: dalili isiyopaswa kusubiri asubuhi

Mtoto mwenye homa anapotoa mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa au ya soda ya kola, mzazi anapaswa kumfikisha hospitalini mara moja. Mashariki mwa Uganda, hasa katika wodi za watoto za Jinja, Mbale na Soroti, dalili hiyo huonekana mara nyingi kwa watoto wenye malaria kali.

Nini hutokea mwilini?

Hali hiyo huitwa homa ya mkojo mweusi. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Zinapopasuka nyingi kwa pamoja, himoglobini inayobeba oksijeni humwagika kwenye damu, hupita katika figo na kuubadili mkojo rangi. Hatari ni mbili: mtoto hupungukiwa damu kwa kasi, na figo zake zinaweza kushindwa kufanya kazi.

Zama za ukoloni, ugonjwa huu ulijulikana zaidi kwa Wazungu waliotumia kinini bila utaratibu. Leo wanaougua mashariki mwa Uganda ni watoto wadogo. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao hurithiwa, unaweza kuchangia kwa baadhi yao, lakini hautoshi kueleza wagonjwa wote.

Dalili za kuangalia

Mbali na mkojo mweusi, mtoto huweza kuwa na macho ya manjano, viganja na midomo iliyopauka, kuhema kwa shida, udhaifu na kutapika. Mkojo ukipungua sana au ukikoma, figo ziko hatarini. Dengi, homa ya virusi iliyowahi kuzuka Dar es Salaam na Mombasa, nayo huanza kwa joto kali, lakini dalili zake za hatari ni maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo na kutokwa damu puani au kwenye ufizi. Kipimo cha damu ndicho hutofautisha.

Matibabu

Shirika la Afya Duniani hupendekeza sindano ya artesuneti kwa malaria kali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 barani Afrika, ulionyesha kuwa vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti na asilimia 10.9 kwa waliopewa kinini. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu huongezewa damu, na kiasi cha mkojo wake hufuatiliwa. Figo zikishindwa kabisa, huhitaji kusafishwa damu, huduma ambayo haipatikani kila hospitali.

Hospitali ya Rufaa ya Mbale ilishiriki pia katika utafiti wa mwaka 2011 uliobadili fikra kuhusu dripu. Kati ya watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki zaidi: takriban asilimia 10.6 ndani ya saa 48, ikilinganishwa na 7.3 kwa wasiopewa. Ndiyo maana daktari anayetoa dripu taratibu hamcheleweshi mtoto.

Baada ya kutoka hospitalini

Hatari haiishi siku ya ruhusa. Watoto waliopata mkojo mweusi hurudi hospitalini mara kwa mara kuliko wenzao, na chembe za damu zinaweza kupasuka tena wiki 1 hadi 3 baada ya artesuneti. Mtoto apimwe damu tena katika mwezi wa kwanza. Dawa za maumivu kama ibuprofeni zisitumiwe bila ushauri, kwa kuwa huweza kudhuru figo.

Kwa familia zinazosafiri

Watoto waliozaliwa ughaibuni hawana kinga ya malaria, hata kama wazazi wao walikulia Nkoma mjini Mbale au Jinja kando ya Nile. Kabla ya safari, daktari aulizwe kuhusu dawa ya kinga. Huko, mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akipata homa wiki au miezi kadhaa baada ya kurejea, mzazi amweleze daktari alikotoka na aombe kipimo cha malaria siku hiyo hiyo.